Mwenye nyumba ni nani? Huang Zongxi wa Uchina na swali la balopwe wetu

Bandugu, nianze na jambo dogo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa ndani ya mkutano wa kikundi kimoja cha wanafunzi. Mandati ya kiongozi ilikuwa imekwisha, watu wanaomba hesabu ya pesa na tarehe ya uchaguzi. Kiongozi akasimama, hakukasirika hata, akasema tu: "Hii kikundi ni miye niliianzisha. Munaniomba hesabu ya kintu yangu?" Wenzake wa komite wakapiga makofi. Sisi wengine tukanyamaza. Hakuna aliyepata neno la kumjibu, na wote tulikuwa watu wa kusoma.

Jibu nililipata nyuma, tena mbali sana: kwa mzee mmoja wa Uchina aliyekufa mwaka 1695. Na nilipolipata nikaona kwamba wazee wetu Waluba, hapa hapa tunapolala, walikuwa wameligusa pia kwa njia yao. Leo nataka tuliangalie pamoja, pole pole. Mtu akisema "ni yangu", tumjibu nini?

Huyu mzee ni nani?

Jina lake ni Huang Zongxi. Alizaliwa mwaka 1610 katika wilaya ya Yuyao, jimbo la Zhejiang. Alikuwa msomi wa shule ya Confucius, yaani shule inayofundisha kwamba utawala ni kazi ya maadili, na kwamba msomi ana deni la kumwambia mtawala ukweli. Wengi kwetu wanafikiri mafundisho ya Confucius ni "heshimu mkubwa, nyamaza". Hapana. Mengzi, mwalimu mkubwa wa shule hiyo aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, aliwapanga hivi: wananchi kwanza, mtawala mwisho.

Huang alijua mapema bei ya kusema ukweli. Baba yake, Huang Zunsu, alikuwa afisa wa serikali karibu na kundi la wasomi la Donglin. Kundi hilo lilipinga nguvu za Wei Zhongxian, towashi wa jumba la kifalme aliyeshika nchi mkononi wakati mfalme mwenyewe hajishughulishi. Mwaka 1626 baba huyo alifia gerezani. Mfalme mpya alipoingia na kundi la Wei likaanguka, kijana Huang alikwenda mji mkuu Beijing kudai haki. Mbele ya mahakama akamchoma mmoja wa watesi wa baba yake kwa chuma chenye ncha alichokuwa amekificha.

Hasira ya kijana, tunaielewa. Lakini kisasi hakikuwa kazi yake kubwa. Mwaka 1644 utawala wa Ming ulianguka na Wamanchu wakaanzisha utawala wa Qing. Huang alijiunga na waliopigana nao, wakashindwa, akarudi kwao akakaa na vitabu. Hapo swali lake likabadilika. Halikuwa tena "nani alimuua baba yangu?", likawa "ni mpango gani wa utawala unaozaa watu kama wale, kila mara?" Mwaka 1663 alimaliza kitabu kidogo, Mingyi daifang lu. Maana ya jina hilo inakaribia kusema: mwanga umejeruhiwa, tunangojea mapambazuko.

Mwenye nyumba amekuwa mgeni

Sura ya kwanza inazungumza juu ya mfalme, na hapo njo kuna jibu nililokosa siku ile ya mkutano.

Huang anaeleza hivi. Hapo mwanzo kila mtu alijitafutia yake, na kazi ya wote haikuwa na mtu wa kuifanya. Akatokea mtu aliyekubali kuchoka kwa ajili ya wengine: kuzuia mafuriko, kuondoa hatari, bila kupata faida kubwa kwake. Huyo ndiye mtawala wa kwanza. Ilikuwa kazi ngumu hata wengine waliitiwa wakaikataa. Kwa hiyo wakati ule wananchi walikuwa wenye nyumba, na mtawala alikuwa mgeni aliyeitwa kufanya kazi.

Halafu mambo yakageuka. Watawala wa baadaye waliona nchi kama shamba lao kubwa, mali ya kuachia watoto na wajukuu. Faida yote kwao, hasara yote kwa wengine. Mgeni akawa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawa mgeni kwake mwenyewe. Huang anakumbusha kisa cha mwanzilishi wa utawala wa Han: siku moja alimuuliza baba yake, sasa kati yangu na ndugu yangu, nani amepata mali nyingi zaidi? Nchi nzima, pamoja na watu ndani yake, imehesabiwa kama ng'ombe na mashamba!

Lakini mzee Huang haishii kwenye kulaumu. Anaonyesha kwamba mtu huyo anajiumiza pia. Ukifanya nchi kuwa mali, kila mwenye nguvu ataitamani, kama kila mali inavyotamaniwa. Huwezi kufunga kufuli dhidi ya watu wote. Leo au kesho mwizi atafika, na atakayelipa ni mtoto wako. Mfalme wa mwisho wa Ming, siku mji mkuu ulipoanguka, alimsikitikia binti yake kwa kuzaliwa katika nyumba ile ya kifalme, akamkata kwa upanga, kisha akajinyonga. Ile mali waliyoipigania babu zake njo ilimuua.

Basi, jibu kwa kiongozi wetu lilikuwa hili: "Kaka, kuanzisha ulianzisha, tunakushukuru. Lakini uliitiwa kazi, haukuuziwa nyumba."

Kubeba gogo moja

Sura ya pili inatugusa sisi zaidi, kwa sababu wengi wetu tunatafuta kazi: ofisi ya gavana, wizara, shirika, kanisa. Huang anauliza, waziri au afisa ni nani? Ni mtumishi wa nyumbani wa mfalme?

Anatoa mfano wa watu wanaobeba magogo makubwa. Wa mbele anaita, wa nyuma wanaitikia, mguu kwa mguu. Sisi wa Kamina, mji wa njia ya reli, hatuhitaji kuelezwa sana: chuma cha reli hakibebwi na mtu mmoja, na anayeimba mbele hachukui nafasi ya mabega ya wengine. Mtawala na maofisa wanabeba mzigo mmoja, na mzigo huo ni wananchi. Afisa anayefanya kazi ya kumchekesha mkubwa tu, huyo ameacha mzigo chini, hata kama bado ana suti na gari.

Kwa hiyo, kwa Huang, afisa haingii kazini kwa ajili ya mfalme, anaingia kwa ajili ya watu. Mfalme akiagiza jambo linaloumiza watu, kutii si uaminifu.

Sheria kwanza, mtu nyuma

Sasa tunafika kwenye fundo. Kila uchaguzi tunasikia: "Tunahitaji mtu muzuri." Tukipata mtu mzuri, yote yatanyooka. Wasomi wengi wa Uchina walifikiri vivyo hivyo. Huang alikataa. Alisema sheria nzuri lazima itangulie, ndipo watu wazuri wataweza kutawala vizuri. Sheria mbaya inamfunga mikono hata mtu mwenye moyo safi, na sheria nzuri inamzuia mbaya asifike mbali.

Na si kila kilichoandikwa na kupigwa muhuri ni sheria kwake. Sheria iliyotungwa kulinda nyumba moja ya kifalme aliiita sheria isiyo ya kisheria. Mtawala anaogopa kupoteza mali, anaongeza kanuni. Halafu anamweka mtu wa kumchunga yule wa kwanza, na mwingine wa kumchunga yule wa pili. Kanuni zinazidi na fujo inazidi.

Anatoa mfano wa nchi yake. Mwaka 1380 mwanzilishi wa Ming alifuta cheo cha waziri mkuu, kwa sababu hakutaka mtu yeyote awe na uzito karibu naye. Je, kazi ya waziri mkuu ilikufa? Hapana, iliteleza taratibu mpaka mikononi mwa watu wa ndani ya jumba, matowashi, wasiojibu mbele ya mtu. Kijana aliyempoteza baba kwa Wei Zhongxian alijua vizuri anachosema. Ukiondoa taasisi inayoonekana, nguvu haipotei. Inahamia chumba cha nyuma.

Mfalme aketi kwenye benchi

Halafu njo inakuja sura ninayoipenda kuliko zote, sura ya shule. Kwa Huang, shule haiko mahali pa kutafuta diplome tu. Ni mahali ambapo nchi inajua lipi ni jema na lipi ni baya. Anachosema mfalme kuwa sawa si lazima kiwe sawa, na hapaswi kuwa hakimu peke yake.

Mpango wake ulikuwa wa kushikika kabisa. Mkuu wa chuo cha taifa awe msomi mkubwa, mwenye uzito sawa na waziri mkuu. Siku ya kwanza ya kila mwezi mfalme aende chuoni na mawaziri wake. Mkuu wa chuo afundishe, na mfalme aketi kati ya wanafunzi. Kama kuna kosa katika utawala, lisemwe pale pale bila kuficha. Katika wilaya vilevile, siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi, mtawala wa mahali aketi kama mwanafunzi mbele ya wasomi na wazee. Kosa dogo arekebishwe, kosa kubwa lipigiwe ngoma watu wote wasikie. Na mwalimu mkuu wa wilaya asiteuliwe na serikali, achaguliwe kwa mazungumzo ya watu wa mahali, na akiharibu aondolewe.

Tufikirie picha hiyo kwa Kamina: gavana kwenye benchi ya chuo, kila mwezi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ana haki ya kunyanyua mkono.

Serikali ya Qing ilimwita Huang kwenye kazi, akakataa. Kitabu chake hakikupata nafasi kubwa wakati wake. Lakini miaka ya 1890, zaidi ya miaka 200 nyuma, vijana wapenda mabadiliko kama Liang Qichao na Tan Sitong walikitoa kwenye vumbi na kukisambaza kwa siri.

Kwetu: Nkongolo, Kalala na ubao wa kumbukumbu

Najua mtu atasema: "Hayo ni ya Bachina, yanatuhusu nini?" Basi turudi nyumbani.

Kila mtoto wa Muluba amesikia habari ya Nkongolo Mwamba, mtawala mkali, asiye na adabu, anayekula na kunywa mbele ya watu. Akafika Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, mtu wa adabu, na kwa dada wa Nkongolo akamzaa Kalala Ilunga. Kijana akakua, akawa na nguvu, mjomba akamwonea wivu. Nkongolo akachimba shimo, akalifunika kwa mkeka, akamwita Kalala kucheza ngoma juu yake. Mijibu wa Kalenga, mganga na mwaguzi, alimwonya kijana, akakimbilia kwa baba yake. Nyuma alirudi na jeshi, Nkongolo akauawa, na bulopwe ukaanza.

Watu wengi wanaisikia kama hadithi ya mtu mbaya na mtu mzuri. Tukiishia hapo, tumeishia pale pale Huang alipokataa kuishia: "tupate mtu muzuri". Lakini tuangalie kwanza aliyemwokoa Kalala. Ni mtu wa maarifa, aliyejua siri za jumba na akakataa kunyamaza. Bila Mijibu, hakuna Kalala.

Pili, Waluba hawakuacha jambo kwenye hadithi tu. Walikuwa na mbudye, chama cha wenye kumbukumbu, wanaume na wanawake, kilichokuwa na kazi ya kutunza na kufafanua misingi ya utawala. Chombo chao ni lukasa: ubao wa mti unaoshikwa kwa mkono mmoja, wenye shanga, makombe na michoro. Mkubwa wa mbudye anagusa kwa kidole cha mkono wa pili, shanga kwa shanga, anasimulia: wafalme waliotangulia, safari, mahali patakatifu, miiko ya mulopwe. Leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yana mbao hizo nyuma ya vioo, watu wanazisifia uzuri. Lakini kwa wenyewe lukasa ilikuwa karibu na kile tunachokiita katiba.

Mulopwe mwenyewe alipaswa kuingizwa na kufundishwa katika mbudye. Yaani mtu mwenye damu takatifu, anayeogopwa na wote, anaketi mbele ya walimu na kusomewa jinsi mtawala wa kwanza alivyoharibu. Nkongolo hakufutwa kwenye kumbukumbu. Aliwekwa mwanzoni kabisa, ili kila mulopwe ajue mtu anayekosa mipaka anaishia wapi. Wanaochunguza historia ya Waluba wanaeleza mbudye kama uzito wa upande wa pili wa mizani ya ufalme.

Huang aliota mfalme kwenye benchi. Babu zetu walikuwa na benchi.

Tusipambe lakini

Tuseme kweli yote. Mbudye kilikuwa chama cha siri cha wachache, na maarifa yake hayakuwa ya kila mtu. Na hakikuweza kuzuia jambo moja: urithi. Mwishoni mwa karne ya 19 warithi walipigana wenyewe kwa wenyewe, watu wakauzwa, wageni wenye bunduki wakapita katikati. Wabelgiji walipofika walikuta nyumba imepasuka, wakaigawa kati ya Kabongo na Kasongo Nyembo. Majina hayo mawili bado yako kwenye ramani ya mkoa wetu wa Haut-Lomami. Kila tunapoyataja, tunataja pia kile alichosema Huang juu ya nchi iliyofanywa mali ya kurithi.

Huang naye ana pengo. Hakuwaza uchaguzi wa wananchi wote. Mkulima na mwanamke hawana sauti kwenye benchi zake. Na aliwaamini sana wasomi. Sisi tunajua kwamba msomi anaweza kununuliwa, tena kwa bei ndogo.

Tumeishi hayo. Baada ya kuchukua nchi tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alijenga chama kimoja, MPR, na kila Mzairwa alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Katiba ya 1974 ilikusanya mamlaka yote kwa mtu mmoja. Na nani aliandika maneno mazuri ya kuipamba? Wenye diplome. Lakini mwezi wa Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia rais barua ya wazi ya kurasa 52, wakihesabu makosa ya utawala wake. Walivuliwa ubunge, wakafungwa, wengine wakapelekwa kukaa mbali vijijini kwa nguvu. Walikosa benchi ya kumketisha mkubwa, kwa hiyo walilipa kwa miili yao. Kuna tofauti kubwa kati ya nchi ambayo ukweli unasemwa siku ya kwanza ya mwezi, na nchi ambayo unasemwa mara moja kwa miaka 15 na watu wanaokwenda gerezani.

Leo tuna katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 64 kinampa kila Mkongo wajibu wa kumpinga mtu au kundi linalochukua mamlaka kwa nguvu au kuyatumia kinyume cha katiba. Kifungu cha 220 kinafunga mlango kwa wanaotaka kugusa idadi na urefu wa mandati za rais. Hiyo ni lukasa yetu iliyoandikwa. Lakini lukasa bila mtu wa kuisoma kwa sauti ni ubao tu. Jiulize, ndugu msomaji: ni wangapi kati yetu tumeisoma yote, mara moja tu?

Tuanze wapi?

Simwambii mtu aende barabarani kesho. Nasema tuanze pale tunaposhika madaraka sisi wenyewe: promosio, chama cha wahitimu, kwaya, likelemba ya mtaa.

Hesabu isomwe mbele ya wote kwa siku inayojulikana, bila kungoja mtu alalamike. Kanuni zisomwe kwa sauti mwanzoni mwa kila mandati, na anayeingia asome mwenyewe. Siku hiyo kiongozi aketi kwenye benchi pamoja na wanachama, mtu mwingine aongoze mkutano. Na wanakomite wajue: kupiga makofi haiko kazi yao. Wameshika gogo.

Mtu aliyezoea hayo akiwa na miaka 22 ndani ya kikundi cha watu 40, siku akipewa ofisi hatashangaa kuombwa hesabu. Na aliyezoea kusema "ni yangu" kwenye kikundi cha watu 40, atasema hivyo hivyo juu ya mkoa.

Ule mkutano wetu ulikwisha tukienda nyumbani kimya. Kikundi kile hakikufika mwaka uliofuata. Kiongozi alibaki na kintu yake, peke yake, kama alivyotaka.